Uzio si mpaka, na simu si kipimo! Acheni kuwapotosha watu kuhusu viwanja vyao

Wakuu,

Inachosha sasa. Mtu akiuliza mpaka wa kiwanja chake uko wapi, majibu ni yaleyale: "fuata uzio," "fungua ramani kwenye simu." Ukuta unapanda, jirani anakuja juu, kisha tofali zinabomolewa saruji ikiwa bado mbichi. Wanaotoa majibu hayo hawaonekani tena.

Uzio ni mahali fundi alipoona panachimbika. Kuna aliyeuingiza ndani akwepe mti au mwamba, na kuna aliyeusogeza nje akijua kabisa anachofanya. Ukingo wa barabara nao si mpaka. Hifadhi ya barabara inaweza kuingia mita kadhaa kwenye nyasi unazofyeka wewe.

Simu ndiyo balaa. Hata anga likiwa jeupe, GPS yake hukosea mita 5 hivi, na kando ya ukuta mrefu au chini ya miti hukosea zaidi. Vipokezi vya wapima ardhi vinafika usahihi wa sentimita 1 hadi 2 kwa sababu vinasahihishwa na kituo ambacho mahali pake panajulikana. Halafu mtu anachukua koordineti (namba zinazoonyesha mahali) za ramani ya zamani, anaziingiza kwenye simu bila kuangalia zilitokana na mfumo gani wa marejeo, yaani zilihesabiwa kwa msingi upi. Nukta inaweza kuruka mamia ya mita!

Na wale wanaopima kwa rula juu ya fotokopi ya ramani! Kwenye skeli ya 1:2500, milimita 1 ni mita 2.5. Unene wa mstari wa wino peke yake unaweza kumeza zaidi ya mita moja, na fotokopi hutanuka. Someni namba zilizoandikwa: urefu wa kila upande, uelekeo, namba ya kila bikoni, yaani alama ya mpaka iliyowekwa ardhini kwenye kona ya kiwanja. Hati ikionyesha ukubwa wa eneo tu, haitoshi. Tafuteni ramani ya upimaji.

Mkiwa nayo, tafuteni bikoni zenyewe. Nyingi ni chuma kwenye zege, zimezama chini ya udongo au kifusi. Kifaa cha kutambua chuma husaidia, ingawa kitalia pia kwenye misumari na mabaki ya mabati. Chimbeni taratibu kwa mwiko, si sururu. Bikoni iliyong'olewa haithibitishi kitu tena, na katika nchi nyingi kuihamisha ni kosa la jinai. Moja haitoshi: bila ya pili hamwezi kuhakiki hata umbali mmoja.

Pimeni kwa tepu ya chuma, ya kitambaa huvutika. Vipimo vya ramani ni vya mlalo, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kwenye mteremko wa nyuzi 10, mita 30 za juu ya ardhi ni mita 29.54 tu za mlalo. Sentimita 46 zimepotea na jirani ataitwa mwizi. Shikeni tepu ilale sawa, mteremshe timazi (uzi wenye uzito mwishoni), mwende kwa vipande vifupi. Kisha pimeni mshazari, kona hadi kona inayoikabili. Kiwanja cha mstatili cha mita 20 kwa 30 lazima kitoe mita 36.06 kwa vipimo vyote viwili vya mshazari. Vikitofautiana, kuna kona ya uongo, hata kama pande zote nne ziko sawa.

Dira wekeni kando. Kosa la nyuzi 1 kwenye mita 40 ni sentimita 70, na nondo zikiwa karibu sindano inapotea kabisa.

Mafundi nao: kamba ikishafungwa bikoni kwa bikoni, mnaweka katikati ya ukuta juu yake. Msingi wa sentimita 60 unakuwa umeingia sentimita 30 kwa jirani! Ukingo wa nje wa msingi, si wa tofali, ndio unaotakiwa kubaki ndani ya kamba.

Na nyie wapima ardhi mnaokabidhi karatasi na kuondoka, hamjamaliza kazi. Mwenye kiwanja aonyeshwe kila bikoni ardhini, jirani akiwepo, kila moja ipigwe picha na tepu ikionyesha umbali wake kutoka kwenye kitu kisichohama. Nani kawaambia hiyo ni huduma ya ziada?