Taa za tela zinavurugika nikikanyaga breki na kuwasha indiketa kwa pamoja

Mwenye swali
Habari zenu wadau. Nimefunga waya upya kwenye tela dogo linalovutwa na gari, lenye plagi ya pini 7 na umeme wa volti 12. Kila taa ikiwashwa peke yake inawaka vizuri, lakini nikiwasha taa ndogo kisha nikakanyaga breki, zote zinafifia, na nikiongeza indiketa ya kulia, hata taa za breki zinaanza kupepesa. Fyuzi ni nzima na balbu ni mpya. Je, nimechanganya waya?

Fundi Waya
Ikiwa kila taa inawaka mahali pake inapojaribiwa peke yake, waya hukuzichanganya. Hiyo ni dalili ya ethi mbovu, yaani njia ya kurudishia umeme kwenye betri. Umeme ulioingia kwenye balbu ni lazima urudi kwenye upande hasi wa betri, na ukikuta njia yake ina kutu au imelegea, hujipenyeza kupitia nyuzi za balbu jirani, ndiyo maana taa za breki zinafuata mapigo ya indiketa. Balbu ya wati 21 huvuta takriban ampea 1.75, kwa hiyo breki mbili na indiketa moja zinapitisha zaidi ya ampea 5 kwenye waya uleule mmoja wa kurudishia, ilhali taa ndogo ya wati 5 haifikishi hata nusu ampea. Ethi mbovu itaibeba taa ndogo bila kujionyesha.

Chukua waya mrefu, uunganishe upande hasi wa betri na mahali taa za nyuma zinapopata ethi, kisha washa kila kitu. Taa zikitulia, tatizo ni ethi, usihangaike na waya za rangi nyingine.

Mvuta Tela
Naafiki, na ninaongeza kwamba kifundo cha kuvutia tela kisitegemewe kama ethi, maana kina grisi na hucheza gari linapotembea. Katika plagi za pini 7 za mpangilio wa 12N (aina ya plagi ya taa za tela ya volti 12), ethi ni pini ya 3, waya mweupe. Rangi nazo usiziamini kupita kiasi: katika mpangilio wa pini 4 unaotumika Marekani, waya wa njano hubeba breki na indiketa ya kushoto kwa pamoja, kwa hiyo thibitisha kwa testa (kifaa cha kupimia umeme).

Mwenye swali
Nimeunganisha waya wa majaribio na taa zote zimetulia. Kichwa cha waya mweupe kilikuwa kimebanwa kwa bolti juu ya rangi ya fremu. Nimekwangua mpaka chuma kikang'aa, nikakaza, lakini taa ya kushoto bado inafifia kidogo.

Fundi Waya
Ikiwa kava la taa hiyo ya kushoto ni la plastiki, haipati ethi kutoka kwenye fremu hata ukikaza vipi. Ivutie waya wake yenyewe hadi kwenye bolti hiyohiyo, kisha upake grisi juu ya kiungo kilichokwisha kukazwa ili maji yasiingie.