Data ziko ext4 wewe uko Windows (au kinyume chake): WSL, draiva, au patisheni ya pamoja?

shani_picha
Habari zenu wakuu. Nina laptopu yenye SSD moja ya GB 512, nimeigawa, Windows 11 upande huu na Ubuntu 24.04 upande ule, halafu nina eksteno ya TB 1 niliyoifomati ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux) enzi natumia Linux peke yake. Kazi yangu ni video na picha za harusi na sendoff, kuedit nafanya Windows ila kupanga mafaili, kupunguza ukubwa wa video na bakapu nafanya Ubuntu maana skripti zangu zote ziko huko.

Shida ni kuvusha mafaili. Nikiwa Ubuntu patisheni ya Windows naiona, nabonyeza inafunguka, ila kuna siku inagoma kuandika, inasoma tu. Nikiwa Windows patisheni ya Ubuntu haionekani kabisa, na eksteno nikichomeka kinakuja kisanduku kinataka niifomati. Nimesikia njia nne: WSL (Linux inayoendeshwa ndani ya Windows), draiva za kuongezea Windows, programu za kusoma tu, na kutengeneza patisheni ya tatu ambayo pande zote mbili zinaielewa. Naomba ulinganisho wa watu waliotumia kweli, hizi ni harusi za watu, hazirudiwi.

fundi_mwenge
Dada kabla ya yote, hicho kisanduku cha kufomati bonyeza Cancel, kila siku, na mtu yeyote anayegusa hiyo mashine mwambie hivyo hivyo. Eksteno haijaharibika. Windows haina draiva ya ext4 ndani yake, kwa hiyo ikikuta hiyo patisheni inaona kama diski tupu na inakupendekezea ifomati. Na ukiingia Disk Management ukaona patisheni haina jina wala herufi usiipe herufi "ili ionekane", haitasomeka na utakuwa umejiwekea mtego wa hicho kisanduku kila ukiwasha. Data nyingi za watu ninazoletewa dukani kuzirudisha zimepotea hapo hapo kwenye hicho kisanduku, mtu kabonyeza OK akijua ni jambo la kawaida.

bin_kerneli
Kwa eksteno njia nzuri kuliko zote ni WSL 2, sababu ext4 hapo inasomwa na kerneli (kiini cha mfumo) ya Linux yenyewe sio na draiva ya kuigiza. Fungua terminali kama adimini, tafuta namba ya diski:

`GET-CimInstance -query "SELECT * from Win32_DiskDrive"`

halafu ukishaona eksteno yako ni namba ngapi (hapa nachukulia ni 1, wewe angalia kwa ukubwa wake usibahatishe)

`wsl --mount \\.\PHYSICALDRIVE1 --partition 1`

Ukishamaliza hapo fungua File Explorer, andika `\\wsl.localhost\Ubuntu\mnt\wsl\PHYSICALDRIVE1p1` na mafaili yako yote hayo hapo, unasoma unaandika. Haina malipo. Kitu kimoja, usiedit video moja kwa moja kutoka humo, njia ya kutoka WSL kuja Windows ni ya polepole, kopi kwanza kwenye SSD ndo uanze kazi.

shani_picha
Asante sana. Kwa hiyo hata ile patisheni ya Ubuntu iliyo ndani ya laptopu naifungua kwa njia hiyo hiyo?

bin_kerneli
Hapana dada, na hapa ndo wengi wanakwama wanakesha wakidhani wamekosea komandi. WSL haichukui patisheni moja, inachukua diski nzima, inainyang'anya Windows na kuikabidhi Linux. Sasa wewe una SSD moja na Windows yenyewe imekaa humo humo ikifanya kazi, haiwezi kujinyang'anya diski iliyosimamia. Kwa hiyo kwa diski ya pili, sawa. Eksteno, sawa. Diski iliyobuti Windows, haiwezekani. Flashi ndogo za USB na kadi za kamera nazo haizikubali.

mzee_wa_tekno
Niongezee upande wa draiva maana kuna ushauri wa zamani unazunguka sana huko mitandaoni. Ext2Fsd ndo watu wengi wanaitaja, toleo lake la 0.69 ni la 2017. Ubuntu za miaka hii zikifomati ext4 zinaweka mambo kama metadata_csum na 64bit ambayo draiva za zamani hazikutengenezwa kwa ajili yake. Mimi draiva ya namna hiyo siipi ruhusa ya kuandika kwenye diski yenye kazi ya mteja. Kusoma inaweza ikasoma, lakini kosa la kuandika halionekani siku hiyo, unaligundua siku Ubuntu imekataa kuwaka.

Ukitaka kutoa faili moja tu kutoka kwenye patisheni ya ndani ya Ubuntu ukiwa Windows, chukua programu ya kusoma tu. DiskInternals Linux Reader ni ya bure, inafungua ext4, unachagua folda unaikopi kuja upande wa Windows, na haina uwezo wa kuandika kwenye hiyo patisheni kwa hiyo hata ukikosea kubonyeza hauharibu kitu. Ndo sababu naipenda. Kama kazi yako inadai kuandika ext4 kila siku ukiwa Windows basi kuna Paragon Linux File Systems, hiyo ya kulipia, inasoma na kuandika ext4. Kwa hali yako sioni kama unaihitaji.

otis_254
Sasa wadau naona mnazungusha kitu rahisi. Dada atengeneze patisheni ya exFAT, iko sawa Windows, iko sawa Linux, iko sawa Mac, hakuna draiva hakuna komandi. Microsoft walitoa maelezo yake wazi 2019, na tangu kerneli 5.7 ya 2020 Linux iko na draiva nzuri ya exFAT ndani kabisa. Haina ile shida ya FAT32 ya faili kutozidi GB 4, na video za harusi si zitapita hapo mapema tu. Mimi nashuti matukio Nakuru, diski zangu zote za kubeba ni exFAT.

bin_kerneli
Kwa diski ya kubeba nakubaliana na wewe mkuu, hasa kama kuna mtu wa Mac kwenye mnyororo, maana Mac inasoma NTFS (mfumo wa mafaili wa Windows) lakini haiandiki. Ila ndani ya laptopu nakataa, kwa sababu mbili.

Ya kwanza exFAT haina ile kumbukumbu ya ndani inayoandikwa kabla ya badiliko kufanyika. NTFS inayo, ext4 inayo. Umeme ukikatika au betri ikizima katikati ya kukopi, zile mbili zinajua zilikuwa zinafanya nini na mpangilio wa mafaili unarudi sawa, exFAT inaweza ikabaki na folda nusu nusu. Na umeme wetu tunaujua.

Ya pili ni skripti za dada. exFAT haijui mmiliki wa faili, haijui ruhusa, haijui linki za Linux. Ukijaribu kutengeneza mazingira ya Python humo kwa `python3 -m venv` inagoma palepale ikifika kwenye linki ya lib64. Skripti zibaki kwenye ext4 ya Ubuntu, patisheni ya pamoja iwe ya video na picha tu.

fundi_mwenge
Mimi ni NTFS kwa patisheni ya ndani, na hapo tunarudi kwenye lile swali ambalo naona limerukwa, kwa nini siku nyingine Ubuntu inagoma kuandika.

Dada hiyo sio bahati mbaya, ni Fast Startup. Tangu Windows 8, ukibonyeza Shut down Windows haizimi yote, inajilaza nusu, inahifadhi hali ya kerneli kwenye diski ili kesho iwake haraka, na patisheni zake inaziacha kama bado zinatumika. Ubuntu ikija inaziona ziko hivyo inasema "unclean file system" na inakufungulia kwa kusoma tu, na inafanya vizuri, maana ingeandika halafu Windows ikaamka na kumbukumbu ya jana hapo ndo mafaili yanavurugika. Siku ulizofanikiwa kuandika yawezekana ulitoka Windows kwa Restart, Restart inafunga kila kitu.

Dawa yake, Windows, terminali ya adimini:

`powercfg /h off`

Inazima haibaneti na Fast Startup kwa pamoja na inakurudishia GB kadhaa za lile faili la hiberfil.sys. Kuwaka kutachelewa sekunde chache, kwenye SSD hutaona tofauti. Hii fanya leo hata kama hautafanya kingine chochote kwenye uzi huu. Kuna wanaolazimisha kumaunti (kufungua patisheni) kwa kufuta hiyo hali ya kulala kutokea Linux, tafadhali usiwasikilize.

neema_linux
Swali la pembeni, mimi yangu Ubuntu inaiona patisheni ya Windows ila inaniomba paswedi ambayo siijui, sijawahi kuiweka. Ni Windows 11 imewekwa upya juzi.

mzee_wa_tekno
Hiyo ni BitLocker dada, kufuli ya Windows inayofunga diski. Windows 11 toleo la 24H2 ukiiweka upya na kuingia kwa akaunti ya Microsoft inajifunga yenyewe, na watu wengi hawajui. Ufunguo wako wa namba 48 umehifadhiwa kwenye akaunti hiyo hiyo, ingia kwenye tovuti ya akaunti yako utaukuta, uandike na kwenye karatasi. Ubuntu ikikuomba weka huo na itafungua, cryptsetup (programu ya Linux ya kufungua diski zilizofungwa) inaielewa BitLocker tangu toleo la 2.3.0. Na dada Shani na wewe angalia hilo kabla hujagusa patisheni, kama imefungwa uwe na ufunguo mkononi kwanza.

shani_picha
Nimeangalia, yangu haijafungwa, na `powercfg` nimeshaifanya. Basi nielekezwe hiyo patisheni ya NTFS ya pamoja, GB 150 nitazitoa upande wa Windows. Draiva za NTFS upande wa Ubuntu, ntfs-3g na ntfs3 naona zote zinatajwa, nichukue ipi?

bin_kerneli
Kupunguza patisheni ya Windows fanyia ndani ya Windows yenyewe, Disk Management, Shrink Volume, usiipunguze kutokea Ubuntu. Nafasi iliyoachwa wazi tengeneza NTFS hapo hapo, ipe jina, mfano PAMOJA.

Ntfs-3g ni ya zamani na imeaminika tangu 2007, inakaa nje ya kerneli kwa hiyo inakula prosesa zaidi ukikopi mafaili makubwa. Ntfs3 ilitolewa na Paragon ikaingia kwenye kerneli 5.15 mwaka 2021, ina kasi, na ni kali, ikikuta patisheni haikufungwa vizuri inakataa kumaunti kabisa. Kwa mafaili ya video mimi nachukua ntfs3. Ikikataa usiweke neno force, rudi Windows piga `chkdsk D: /f` (herufi ya PAMOJA yako), zima vizuri, rudi.

Ukiwa Ubuntu toa UUID (namba ya utambulisho wa patisheni) kwa `lsblk -f`, tengeneza folda `/mnt/pamoja`, halafu kwenye `/etc/fstab` (faili la patisheni zinazofunguliwa Ubuntu ikiwaka) ongeza mstari huu:

`UUID=weka_yako /mnt/pamoja ntfs3 uid=1000,gid=1000,windows_names,nofail 0 0`

uid na gid zinafanya mafaili yawe ya kwako sio ya root. windows_names inakuzuia kuipa faili jina lenye nukta mbili au alama ya kuuliza ambalo Windows italishindwa, na kama skripti zako zinaweka saa kwenye jina la faili, 14:30, hiyo itakukamata mapema, badilisha iwe 14-30. nofail usiisahau, bila hiyo siku patisheni ikikataa kumaunti Ubuntu inakwama kwenye kuwaka. Jaribu kwa `sudo mount -a` kabla ya kuristati.

Eksteno iache ext4 kama ilivyo mpaka uwe na kopi ya pili ya kila kitu kilichomo, hapo katikati tumia WSL. Na kila ukimaliza, kabla ya kuchomoa waya, `wsl --unmount \\.\PHYSICALDRIVE1`.