Tupeane uzoefu: deki ya CD nzuri kwa bajeti ya kawaida, watu wa Arusha na Moshi mnatumia nini?

spika_mbao (Arusha)
Wakuu habari za jioni. Najua kuna watakaouliza kama bado kuna watu wanasikiliza CD, ndio tupo. Mzee amenikabidhi boksi zima la CD zake, kuna kwaya, kuna zilipendwa, kuna rumba ya Kongo, nyingi ni orijino zina mpaka kile kikaratasi chenye maneno ya nyimbo, na nyingine mtandaoni huzipati kabisa au ukizipata ni mtu karekodi na simu harusini. Ampu ninayo, spika ninazo, kilichobaki ni deki tu. Bajeti laki mbili, nikijibana mbili na nusu. Nimezunguka kuanzia Mnara wa Saa mpaka Kilombero, maduka yamejaa sabufa za flashi na bluetooth, ukiulizia deki ya CD muuzaji anakuangalia kama umeulizia taipureta. Sasa mliokuwa nazo tuelezeni, uliipata wapi, mpya au mtumba, na inaendaje mpaka leo. Ya kwako mwenyewe lakini, sio ya kuhadithiwa.

mangi_pasua (Moshi)
Mangi usihangaike, tafuta deki ya DVD, zile za zamani nene. DVD inasoma CD bila shida yoyote na watu wanazigawa bei ya kutupa maana kila mtu kahamia kwenye king'amuzi na simu. Yangu nilichukua kwa jirani alikuwa anahama, nikachomeka zile waya mbili nyekundu na nyeupe kwenye ampu, ile ya njano ni ya picha achana nayo, kazi kwisha. Ila angalia vitu viwili kabla hujatoa hela. Kwanza iwe na kioo mbele kinachoonyesha namba ya wimbo, hizi nyembamba za siku hizi nyingi hazina, kwahiyo bila kuwasha TV unapapasa gizani hujui uko wimbo wa ngapi. Pili geuza nyuma uone hayo matundu ya nyekundu na nyeupe yapo, kuna nyingine zina HDMI peke yake, hiyo kwa ampu ya kawaida haikusaidii kitu.

spika_mbao
Na sauti yake ikoje mangi? Maana nasikia watu wanasema DVD inakuwa kavu kwenye muziki.

mangi_pasua
Mimi masikio yangu ni ya kawaida, naona iko poa. Kama ina lile tundu la rangi ya chungwa la dijito, siku ukipata hela unaweza ukaongeza kile kiboksi cha nje cha kubadilisha dijito kuwa sauti (DAC), ukaachana na kibadilishaji cha ndani ya deki.

fundi_meza
Nipo Ngarenaro, kazi yangu ni hizi hizi kwahiyo niongee nilichokiona mezani. Jina la deki liko mbele ya macho kila mtu analiangalia, mimi kitu cha kwanza naangalia lenzi. Deki ya mtumba ukienda kununua beba CD zako mwenyewe, usikubali ile ya muuzaji, ile siku zote ni mpya inang'aa na ndio anayojua inapiga. Beba moja orijino yenye dakika nyingi, moja ya kuchoma kwenye kompyuta, na moja yenye michubuko kidogo ambayo unajua kwingine inapiga. Ukiweka ile ndefu usisikilize wimbo wa kwanza ukasema safi, CD inasomwa kuanzia katikati kwenda nje tofauti na santuri, kwahiyo ruka moja kwa moja mpaka wimbo wa mwisho, deki nyingi zilizochoka zinaanza kuruka huko pembeni. Halafu weka ya kuchoma. CD ya kuchoma inarudisha mwanga kidogo kuliko orijino, na zile za kufuta na kuandika tena ndio zinarudisha kidogo zaidi, lenzi ikianza kuzeeka inazikataa hizo kwanza huku orijino bado inapiga vizuri tu, kwahiyo ukiona inapiga orijino na kugoma ya kuchoma, ama ni deki ya zamani sana ambayo hizo CD zilikuja baada yake, ama lenzi iko mwishoni.

Mlango ukigoma kutoka wala usiogope, mara nyingi ni ule mkanda mdogo wa mpira umelegea, ni hela ndogo, na hapo ndio pa kumpigia muuzaji bei mpaka alie. Ikiandika NO DISC hapo kuna mawili, vumbi kwenye lenzi au lenzi imekufa. Vumbi linatoka na pamba na spiriti kidogo, taratibu, usikandamize maana ile lenzi imekaa juu ya waya laini sana. Na kuna mafundi (samahanini wenzangu) wanazungusha kile kiskrubu kidogo pembeni ya lenzi kuongeza nguvu ya mwanga, deki inafufuka unafurahi unalipa, baada ya muda lenzi inaungua moja kwa moja. Muulize fundi kabla hajafungua kama ndicho anachotaka kufanya.

Kuhusu spea, deki nyingi za miaka ya 90 na 2000 zilitumia lenzi za aina chache tu hata kama nje majina ni tofauti. KSS-213 ya Sony utaikuta ndani ya mashine za kampuni kibao, na SF-P101N ya Sanyo vile vile. Kopi zake kutoka China bado zinapatikana kwa kuagiza. Mimi mteja akiniuliza achukue ipi namwambia chukua ambayo lenzi yake inapatikana, hata kama ile nyingine ni nzuri zaidi machoni.

chalii_sakina
Oya si uhamishie tu kwenye flashi yaishe 😂 32GB hiyo boksi lote linaingia

spika_mbao
Chalii na hiyo flashi utaijaza na nini kama huna deki ya kuzisomea? Laptop za siku hizi zenyewe hazina tundu la CD.

chalii_sakina
Eee hapo umenikamata.

mama_kijenge
Mimi yangu ni ya Japani, nilinunua kwenye vitu vya kontena, nzuri jamani, nzito mpaka unajua hiki ni chuma. Yule kaka muuzaji ananiambia mama chomeka tu hiyo haina shida. Mwanangu akaigeuza nyuma akasoma AC 100V. Umeme wetu ni 230, tungechomeka pale pale ingetoa moshi. Ikabidi tutafute transifoma ya kushusha umeme, na ndio hapo nashauri mtu akipiga hesabu ya bajeti aiweke na hiyo, usije ukafurahia deki ya laki moja kumbe bado hujamaliza kununua. Haihitaji transifoma kubwa lakini, deki yenyewe inakula wati chache tu.

fundi_meza
Mama umesema kweli. Nyingine nyuma zina kile kiswichi cha kuchagua 110 au 220, hizo ndio tamu. Na za Marekani ni 120 angalieni pia. Swali wanaloniuliza sana ni kuhusu hezi (mara ngapi umeme unageuka kwa sekunde), kwamba Japani ni 60 na sisi 50 itazunguka taratibu. Hapana, hata Japani kwenyewe upande wa Tokyo ni 50, na mota ya CD inaendeshwa na saketi yake ya ndani, inaanza kama mizunguko 500 kwa dakika ikiwa katikati na inapungua mpaka kama 200 ikifika nje, hezi za ukutani haziigusi.

solar_machame
Ya kwangu mtacheka lakini inapiga. Mimi nipo juu huku, nyumba inatumia sola. Mnajua haya magari ya Japani yanavyokuja, redio yake mara nyingi inaishia FM 90 kwahiyo stesheni zetu nyingi huzipati, watu wanaing'oa wanaweka nyingine, zile za kwanza zinazagaa gereji. Mimi sikuchukua ile ya kiwandani maana soketi yake ni ya gari lenyewe inasumbua kuijua, nilichukua redio ya CD ya kawaida ya kufunga kwenye gari, mtumba, shilingi elfu arobaini. Hizi waya zake zina utaratibu, njano ni umeme wa kudumu wa kutunza kumbukumbu, nyekundu ni ya swichi, nyeusi ni hasi. Nikaunganisha njano na nyekundu pamoja kwenda chanya ya betri ya 12V nikaweka fyuzi katikati, nyeusi hasi, spika mbili za gari nikazitengenezea boksi la mbao. Haihitaji ampu, ipo ndani humo humo. Haihitaji transifoma. Inasoma CD za kawaida, za MP3, na mbele ina tundu la flashi. Na kwa sababu imetengenezwa kuvumilia mashimo ya barabarani hata watoto wakirukaruka sebuleni haikatiki. Umeme ukikatika mjini mnapiga simu kuuliza vipi huko, sisi tunasikiliza kwaya.

Angalizo moja, zile waya za spika zenye mistari usije ukaunganisha hasi yake na hasi ya betri, utaua ampu ya ndani.

spika_mbao
Aisee hii sikuiwaza kabisa. Mzee atapenda hiyo kule kijijini.

mwl_kwaya (Moshi)
Nikiwa mtu wa mazoezi ya kwaya mimi natumia zile redio za mkononi zenye CD juu, nilipata soko la Memorial. Kwa kujifunza sauti inatosha, kwa kukaa ukasikiliza haitoshi. Angalieni alama ya MP3 mlangoni, za zamani hazisomi hizo.

masikio_makubwa
Nyie mnaozungumzia bei ya chini sawa, lakini mtu ana laki mbili na nusu, atafute deki yenyewe ya CD ya mtumba. Denon, Marantz, Technics, Sony, Philips, za miaka ya 90, zinatoka kwenye mizigo ya Uingereza na hizo ni 230 tayari na plagi ya pini tatu kama yetu. Sony walitoa CDP-101, deki yao ya kwanza ya CD, mwaka 1982, hizi za 90 zimekuja wakati wameshajua wanachofanya.

fundi_meza
Sikatai, ila usimpe mtu matumaini kwamba atasikia tofauti kama usiku na mchana. CD zote zimerekodiwa kwa kipimo kile kile cha sauti, biti 16 na 44.1 kHz, deki nzima ikisoma vizuri tofauti inakuwa ndogo. Hela iliyobaki apeleke kwenye spika.

masikio_makubwa
Ndogo kwako. Mimi nimeziweka mbili pamoja kwenye ampu moja na ninasikia.

fundi_meza
Uliweka sauti zikalingana? Maana deki ikitoa volti nyingi kidogo tu inasikika tamu zaidi, sikio linadanganywa na ukubwa wa sauti.

masikio_makubwa
Hapo sijapima 😅 ila Marantz yangu siuzi.

mama_kijenge
Na CD zenyewe mzitunze basi. Watu wanalinda upande unaong'aa tu, kumbe ule wenye maandishi ndio hatari, ile tabaka ya kurudisha mwanga iko hapo hapo chini ya rangi, ukikwaruza juu imeisha hakuna dawa. Upande wa chini michubuko midogo inasameheka, na ukifuta futa kutoka katikati kwenda nje, msizungushe.

spika_mbao
Fundi, swali moja kabla sijaenda. Nimeona deki moja Mbauda, ya Uingereza, anataka laki moja na themanini, inapiga ila haina rimoti na kitufe cha kuruka wimbo kinagoma mpaka ukibonyeze sana.

fundi_meza
Kitufe ni kazi ya muda mfupi, nakibadilisha. Rimoti zile za kila kitu wakati mwingine zinakubali, nenda nayo dukani ukaijaribu pale pale. Mpe laki na thelathini, na usisahau ile CD ya kuchoma.