Mjadala: Steji ya Malindi ibaki mjini au itolewe nje?

Mwenye mada: Jamani, tuseme pesa za kituo kipya cha magari zimepatikana. Kijengwe papa hapa mjini au kisukumwe nje, barabara ya Mombasa? Mimi nasema mjini. San Francisco, Marekani, chao kiko katikati ya mji: mabasi yanaingilia ghorofani, juu ya paa wamepanda bustani, abiria akishuka anakwenda kazini kwa miguu. Sisi bustani si lazima. Tupeni kivuli, vyoo vyenye maji na benchi la wazee.

Dereva wa Watamu: Umesimulia bustani ukaruka kilichofuata. Kilifunguliwa Agosti 2018, Septemba kikafungwa kwa vyuma kupasuka, watu wakarudi Julai 2019. Treni za kuingia chini yake mpaka leo hazijafika. Mimi nipe uwanja mpana nje. Saa hizi nikitaka kutoka, mbele tuktuk, nyuma mkokoteni wa madafu, ubavuni makanga wa Mambrui ananiitia abiria wangu.

Mama wa Marafa: Mwanangu, wewe una gari. Mimi nashuka na magunia ya maembe. Steji ikienda nje napakia mara mbili, kwanza kwenye matatu kisha kwenye tuktuk, na tuktuk gunia hulitoza kama mtu. Faida yote imeliwa kabla sijafungua kamba.

Dereva wa Watamu: Shikamoo mama. Hapo umenibana.

Msafiri: Dar mabasi ya mikoani yalitolewa Ubungo yakapelekwa Mbezi Luis, kituo cha Magufuli, kilichozinduliwa Februari 2021. Kikubwa kweli, lakini ukishuka, safari ya kuingia mjini ndiyo kwanza inaanza.

Wa Amu (Lamu): Sisi tumeyazoea hayo. Basi linaishia Mokowe, huku bara, kisha boti mpaka kisiwani. Bahari ndiyo iliyoamua, hatuna wa kumlaumu. Lakini shuka pale na mtoto mgongoni, mvua inanyesha, mabaharia wanagombania begi lako, halafu uniambie kama ungechagua hivyo kwa hiari. Nyinyi mna nchi kavu mpaka sokoni, mwataka kujitafutia Mokowe yenu?

Mwenye mada: Basi tugawe. Mabasi ya Mombasa na Lamu yakae nje, ya Watamu, Gede na Marafa yabaki mjini.

Dereva wa Watamu: Nakubali nusu. Na abiria wa Marafa anayeunganisha kwenda Mombasa, hiyo tuktuk ya katikati analipa nani?