Wewe uliyesimamisha filamu kabla ya treni ya pili, mimi na wewe basi tena

Wakuu, naandika vidole vinatetemeka. Ndiyo kwanza nimeingia ndani, hata viatu sijavua.

Jina simtaji. Mnamjua. Yule yule mwalimu wa rimoti. Yule ambaye ukimsalimia anakuuliza salamu hiyo ni ya utanzu gani.

Leo kwenye kipindi cha kuchambua filamu fupi ya vichekesho katuletea One Week ya Buster Keaton, ya mwaka 1920. Bubu, haina rangi, dakika ishirini na ushei. Hapo sina ugomvi naye, kitu ni kitamu. Maharusi wamepewa nyumba ya kujiungia wenyewe, imekuja kwenye masanduku yenye namba, hasimu wa bwana harusi akazibadili zile namba kimyakimya. Bwana harusi wa watu anafuata maelekezo kwa uaminifu wote, na nyumba inatoka imejikunja kama karatasi iliyokaliwa. Tunacheka, tunagongana mabega, raha tupu.

Sasa njooni mwishoni. Wanaiburuza nyumba kuihamisha, inakwama katikati ya reli. Treni hiyo inakuja. Wanavuta, wanasukuma, wapi! Wanafumba macho. Treni inapita... reli ya pembeni. Haijagusa hata ubao. Wanashusha pumzi, na sisi tunashusha pumzi.

PALE PALE. Akasimamisha.

Akawasha taa, akakohoa kidogo, akasema: "Sasa itatokea treni nyingine upande wa pili, iisage nyumba. Hiyo ni mbinu gani?"

Jamani. Jamani!

Mimi sikuwahi kuiona hiyo filamu. Kicheko kilikuwa kimeshapanda, kikafika kooni, kikakwama kama chafya iliyoghairi. Mpaka sasa kipo hapa, nakisikia nikimeza mate. Nikatoa kasauti fulani hivi, nusu kicheko nusu kilio, akanigeukia mbele ya watu wote: "Wewe, umeelewa mbinu au unacheka tu?"

NACHEKA TU! Ni filamu ya vichekesho, ulitaka niombe radhi?

Na si mara moja. Kasimamisha mara mia nne, nimehesabu. Kuna mahali bibi harusi yuko kwenye beseni la kuogea, sabuni inamponyoka, anataka kuinuka aiokote, mkono wa mtu unaziba lenzi ya kamera mpaka amalize. Sekunde chache tu, na unachekesha kufa. Sisi tumeutazama huo mkono nusu saa. Umesimama. Anauliza mkono ni wa nani, unawakilisha nini, je, huu ni ukuta wa nne, ule wa kufikirika kati ya waigizaji na watazamaji, unaovunjwa au unaojengwa? Tumeujua ule mkono kuliko ya kwetu.

Lakini mkono nimeusamehe. Treni, hapana. Kamera imewekwa mahali ambapo huwezi kujua treni iko reli ipi, mwenzetu karne iliyopita katega mtego mzima kwa ajili ya sekunde ile moja, halafu mtu na rimoti yake anakuja kuutegua kwa ajili ya swali la mdomo. Sekunde MOJA angevumilia. Angeacha ipite, halafu aulize hata mpaka asubuhi.

Nawasilisha.

Mzee wa Kiti cha Nyuma: Hahahaa mkuu, huyo namjua vizuri. Kwetu alimsimamisha mtu aliyeteleza, miguu juu, kofia angani. "Utanzu?" Kipindi kikaisha. Yule bwana mpaka leo hajatua.

Nusu Kijiko: Kama chafya iliyoghairi 😂😂 nimekufa mie

Kiatu Kimoja: Pole mkuu. Ila mimi hiyo filamu sijaiona, na ndiyo nilikuwa naipakua. Umeshaniambia treni ya kwanza inapita, ya pili inasaga nyumba. Tofauti yako na yeye ni ipi?

Mleta uzi: Filamu ya mwaka 1920 ndugu yangu! Ina zaidi ya miaka mia!

Kiatu Kimoja: Na alipoisema yeye ilikuwa ya mwaka gani?

Mzee wa Kiti cha Nyuma: Mleta uzi kalala chali. Simamisheni hapo hapo, tumuulize mbinu.

Dada Msemakweli: Mimi niko na mwenye rimoti. Vichekesho ni hesabu, hukai ukacheka tu ukadhani umeona. Chukua The Immigrant ya Chaplin, 1917. Yuko kwenye meli, kainama ukingoni, katupa mgongo, mabega yanatikisika. Wote tunajua bahari imemshinda, anatapika. Anageuka, kumbe anapambana na samaki aliyemvua. Kamera ingekuwa upande wa pili, ingekuwa tu habari ya mtu na samaki. Hilo utalionaje bila kusimamisha?

Mleta uzi: Ahsante sana dada. Na samaki wangu umeshamvua. Hiyo nayo sijaiona na sitaiona.

Dada Msemakweli: Kumbe hujaona chochote, unalalamikia nini?

Tuliza Boli: Nyie mnalalamika anayesimamisha, mimi naishi na mtu anayecheka KABLA. "Subiri, subiri, hapa hapa, angalia huyo wa kushoto." Namwangalia wa kushoto, kioja kinatokea kulia. Akimaliza ananitazama usoni kuhakikisha nimecheka.

Nusu Kijiko: Huyo wa kukutazama usoni ni hatari kuliko treni zote mbili.

Jicho Pembeni: Hamjakutana na maandishi ya chini. Mwigizaji hajafungua mdomo, jibu lake lote limeshaandikwa hapo. Nimesoma, nimecheka, nimenyamaza, ndipo yeye anaanza kusema. Nacheka peke yangu kama mwehu.

Tuliza Boli: Si usisome?

Jicho Pembeni: Macho yanasoma yenyewe! Wewe unaweza kuona maandishi usiyasome?

Kiti Moto Moto: Afadhali maandishi kuliko vicheko vya kubandika. Mtu kasema "hodi", watu wasioonekana wanaangua kicheko dakika nzima. Wanacheka nini? Wako wapi hao watu?

Mzee wa Kiti cha Nyuma: Vile vicheko vina msaada wake, vinatuambia wapi tucheke.

Kiti Moto Moto: Basi wewe na mwenye rimoti ni ndugu wa tumbo moja.

Jicho Pembeni: Turudi kwenye maandishi. Yangetokea neno moja moja, kadiri anavyosema, tatizo lingeisha.

Dada Msemakweli: Neno moja moja? Unataka tufe? Hayo ni mafumbo, si filamu.

Jicho Pembeni: Dada, wewe ulishaharibu samaki, pumzika.

Mleta uzi: Wakuu, jamani, na ile treni yangu?

Tuliza Boli: Treni gani? Humu tunajadili maandishi ya chini. Kama una shida nyingine fungua uzi wako.