Naomba ushauri: nanga kwenye mchanga wenye vichwa vya matumbawe, Pemba magharibi

Wakuu, salaam. Chombo ni cha tanga, mita 11: nanga ya jembe kilo 20, mnyororo wa milimita 8 mita 30, kisha amari (kamba ya nanga) ya nailoni mita 40. Ghuba haina boya wala gati.

Maji yakipwa kina ni mita 6; bamvua (maji makubwa) huongeza karibu 4, na omo (mbele ya chombo) iko mita 1 juu ya maji. Jumla 11; urefu wa kulegeza, mara tano ya hiyo, ni mita 55. Kwa hiyo, ukitoa mnyororo, mita 25 ni kamba. Mkondo ukisimama kamba ya nailoni hulegea, huzama, na chombo kikizunguka inasuguliwa na matumbawe. (Mnyororo nao hujifunga kwenye vichwa, lakini haukatiki.)

Kuongeza mnyororo mita 25 ni kilo 35 hivi omoni, nzito kwa chombo hiki. Nanga ya pili tezini (nyuma) huzuia kuzunguka, ila upepo ukija ubavuni zote mbili huburura.

Waliowahi kufunga maboya madogo kuinua amari: la kwanza liwe wapi, na kila baada ya mita ngapi?