Tupeane uzoefu: mafaili yanapogoma kwenye Python

KawaMasaka
Ndugu zangu, salaam. Wengi wetu hapa Uganda programu zetu za Python zinaishi kwa mafaili: orodha za wakulima, madeni ya duka, michango ya SACCO. Kila mmoja aseme lilimkuta nini na akalitibu vipi.

Naanza. Nilirithi programu ya kujumlisha kilo za kahawa kutoka CSV ya ghala (faili la maandishi, safu zake zimetenganishwa kwa koma). Kila mstari ulikuwa ndani ya `try`, na chini yake `except: pass`, yaani kosa lolote likitokea, limezwe kimya na kazi iendelee. Inamaliza vizuri, haisemi neno, ila jumla haifikii ya mizani. Nilipoitoa hiyo `try` pamoja na `except: pass` yake, ukweli ukajitokeza: `ValueError: could not convert string to float: '1,250'`. Karani anaandika elfu kwa koma! Kila aliyeleta kilo elfu na zaidi, mzigo wake ulikuwa unarukwa. Sasa nashika `ValueError` peke yake, namba ya mstari na maneno yake yanaingia faili la pembeni, karani analipitia kabla ya malipo. Kwangu mimi `except: pass` kwenye hesabu za watu ni dhuluma.

FundiKampala
Kwangu adui ni umeme. Kuna duka linatunza madeni kwenye `deni.json`, kompyuta ya mezani, haina betri. Umeme ulikatika programu ikihifadhi. Uliporudi, faili ni tupu, na `json.load` inatoa `JSONDecodeError`, yaani yaliyomo hayasomeki kama JSON. Wengi hawajui kwamba `open('deni.json', 'w')` hufuta yaliyomo papo hapo, kabla hujaandika hata herufi moja. Dawa: andika `deni.json.tmp` kwenye folda ileile, `f.flush()` na `os.fsync(f.fileno())` ili data ifike diskini kweli, lifunge, halafu `os.replace('deni.json.tmp', 'deni.json')` ili jipya lichukue nafasi ya la zamani. Umeme ukienda katikati ya kuandika, faili la zamani bado lipo zima.

BintiJinja
Fundi, mimi natumia `with open`. Hainikingi?

FundiKampala
Dada, `with` inafunga faili hata kosa likitokea ndani. Kilichofutwa na `'w'` hairudishi.

BintiJinja
Asante sana. Langu ni herufi ŋ ya Kiluganda. Orodha ya bidhaa ina "eŋŋaano", na kwenye Windows programu ikafa kwa `UnicodeEncodeError`, maana bila kuambiwa ilifuata cp1252 ya mashine, jedwali la herufi la Windows ambalo halina ŋ. Sasa naweka `encoding='utf-8'` kila mahali, kusoma na kuandika. Faili la kufunguliwa kwa Excel nalipa `'utf-8-sig'`, inayoweka alama mwanzoni ili Excel itambue ni UTF-8.

AruaKwetu
Hiyohiyo Excel! Mtu akiacha ripoti wazi, Python inapata `PermissionError`. Namwambia mtumiaji kwa lugha yake afunge kwanza, kisha najaribu tena.

KawaMasaka
Na akiwa ameshaondoka zake?

AruaKwetu
Nahifadhi kwa jina jingine lenye tarehe, tena kwa `'x'` badala ya `'w'`. Kama jina hilo lipo tayari, napata `FileExistsError` kabla sijafuta kazi ya mtu.